Risiti juu ya kaunta: mfamasia na mwanafunzi wa famasi wachague chama gani?

Katika droo ya kaunta ya famasi ninayoisimamia hapa Ngamiani, Tanga, chini ya daftari la dawa zinazodhibitiwa, ipo bahasha ya kaki ambamo nimehifadhi risiti za ada zangu zote za kitaaluma tangu nilipokuwa mwanafunzi. Wiki mbili zilizopita binti wa kaka yangu, ambaye ni mtarajali, yaani mhitimu wa famasi aliye katika mafunzo ya kazini, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, alipita jioni baada ya zamu, akaniamkia, akaketi kwenye benchi la wateja na kuuliza: “Shangazi, kila ninayekutana naye ananiambia nijiunge na chama chake. Nikivilipia vyote, posho yangu itafika hata tarehe kumi?” Niliitoa bahasha, nikamwaga risiti juu ya kioo cha kaunta, tukaanza kuzipanga safu kwa safu kwa kufuata aliyelipwa, huku fundi dawa sanifu wetu, mtaalamu wa dawa wa ngazi ya kati, akiwahudumia wateja wa mwisho na kutega sikio. Ninayoyaandika hapa yametokana na safu zile, na kipimo nilichotumia ni kimoja tu: kila chombo nimekiuliza kinamfikishia nini mtu aliye Tanga, kilomita zipatazo 350 kutoka Dar es Salaam, ambako mambo mengi ya taaluma hii huanzia.

Baraza haliingii katika ulinganisho huu

Safu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Baraza la Famasi, na binti yangu alishangaa nilipoisogeza pembeni na kumwambia kwamba hiyo hatuihesabu. Wengi wetu huchanganya hapa, na mchanganyiko huu ndio unaowafanya waseme “mimi tayari nina chama” wakati hawana. Baraza ni chombo cha serikali kinachofanya kazi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, Sura ya 311. Ndilo linalomsajili mfamasia, linalomwandikisha fundi dawa sanifu na kumworodhesha fundi dawa msaidizi, na ndilo linalosajili majengo ya biashara ya dawa, kuanzia famasi kubwa ya mjini hadi duka la dawa muhimu la kijijini. Hakuna anayeingia humo kwa kupenda wala anayejitoa kwa kuchoka, kwa kuwa bila jina lako kuwamo katika rejista zake huruhusiwi kufanya kazi hii hata siku moja.

Wajibu wa Baraza ni kumlinda mgonjwa. Siku ukituhumiwa kutoa dawa isiyo sahihi, Baraza ndilo litakalokuita ujieleze, na ni haki yake kufanya hivyo. Huwezi kulitarajia likae upande wako wa meza. Chama, kwa upande mwingine, kimeundwa na wanataaluma wenyewe kwa hiari yao, kinaongozwa na watu waliowachagua, na kinaishi kwa ada wanazotoa. Vyombo hivi viwili hukutana mahali pamoja muhimu, nako ni kwenye mafunzo endelevu: Baraza linadai uthibitisho kwamba umeendelea kujifunza kabla ya kukuhuishia leseni, na sehemu kubwa ya mafunzo yanayokubalika huandaliwa na vyama. Kwa hiyo mtu anayekwepa ada ya chama ili kuokoa fedha hujikuta mwishoni mwa mwaka akihangaika kutafuta pointi za mafunzo, na huzipata kwa gharama ile ile au zaidi.

PST na chama cha wafanyakazi

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo fedha halisi inapogawanyika. Chama cha Wafamasia Tanzania, ambacho sote tunakiita PST, ni chama cha taaluma. Kinachokiunganisha ni elimu na cheti: mfamasia wa hospitali ya serikali, mwenye famasi binafsi, mkaguzi, mwalimu wa chuo na yule wa kiwandani wote hukaa ndani yake kama wenzao. Chama cha wafanyakazi kinaunganishwa na mwajiri na mshahara. Wenye ajira ya umma katika afya huingia TUGHE, na walioajiriwa na halmashauri hukutana pia na TALGWU, ambacho ni cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Humo mfamasia hukaa pamoja na muuguzi, mhasibu na dereva, kwa kuwa kinachotafutwa ni masharti ya kazi yao wote.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi siku ya shida. Niliwahi kufanya kazi kwa mwajiri mmoja, ambaye sitamtaja, aliyeona inafaa mfamasia mmoja asimamie zamu mbili mfululizo kwa miezi mitatu bila malipo ya ziada. Nilikwenda kulalamika mahali pasipo pake: niliwaandikia wenzangu wa taaluma, wakanipa pole nyingi na ushauri mzuri, lakini hawakuwa na mamlaka ya kuketi na mwajiri yule na kujadili mkataba. Mamlaka hayo yanatokana na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na mwenye kuyatumia ni chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa chini ya sheria hiyo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu, kwa makubaliano kati ya mwajiri na chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi, makato ya uwakala kwa wasio wanachama, kwa hiyo mtarajali atakayeajiriwa serikalini asishangae kuona makato kwenye hati ya mshahara kabla hajajaza fomu yoyote. Akishakatwa, ni heri ajaze fomu apate na kura.

Ng’ambo ya mpaka wa Horohoro wenzetu wa Kenya wamefuata njia nyingine inayofaa kutazamwa. Wao wana chama cha wafanyakazi kinachowaweka madaktari, wafamasia na madaktari wa meno pamoja, KMPDU, kilichoendesha mgomo wa siku 100 ulioanza Desemba 2016 na kumalizika Machi 2017. Pembeni yake kipo chama cha taaluma cha wafamasia, PSK, ambacho kazi yake ni nyingine kabisa. Mfamasia wa Kenya akitaka kuzungumzia mshahara anajua mlango wa kubisha, na akitaka kuzungumzia ubora wa huduma anajua mwingine. Kwetu milango hii miwili ipo pia, ila watu wengi hubisha mmoja wakitarajia ajibu aliye nyuma ya mwingine, kisha huondoka wakisema vyama havina faida.

Je, PST inampa nini aliye Ngamiani? Nitajibu kwa haki. Cha kwanza ni sauti: kanuni za biashara ya dawa zinapopitiwa upya, chama cha taaluma ndicho kinachoweza kupeleka hoja za wafamasia zikiwa zimeandikwa na kupangwa, ilhali mfamasia mmoja mmoja hata akiwa na hoja nzuri hana pa kuipeleka. Cha pili ni mkutano wa mwaka, ambao huambatana na mada za kisayansi, na cha tatu ni watu. Hili la watu halipewi uzito unaostahili. Mwaka mmoja tulikosa sindano za dawa fulani ya kifafa mjini hapa kwa siku kadhaa, na aliyenielekeza zilipo ni mfamasia wa Moshi niliyeketi naye meza moja kwenye mkutano wa chama miaka minne kabla. Nilikuwa na namba yake kwa sababu tuligawana chapati.

Gharama yake, hata hivyo, haiishii kwenye ada. Kwa mtu wa Tanga mkutano maana yake ni nauli kutoka stendi ya Kange, malazi ya usiku mbili au tatu, na zaidi ya yote kumtafuta mfamasia wa kukushikia nafasi, kwa kuwa famasi haipaswi kuendeshwa bila msimamizi wake. Mwenye famasi ndogo hupoteza mauzo, na mwajiriwa huomba ruhusa ambayo si kila mwajiri huitoa kwa uso mkunjufu. Ndiyo maana ninamshauri anayeanza ajiunge, alipe kila mwaka, lakini asijilaumu akihudhuria mkutano mkuu mara moja kila baada ya miaka miwili, ilimradi ahudhurie mafunzo yanayofanyika karibu au kwa njia ya mtandao. Wafamasia wa mkoa huu si wengi kiasi cha kushindwa kukutana katika ukumbi mmoja wa Bombo au Raskazone mara moja kwa robo mwaka, na nadhani chama chochote hupata nguvu au huzimika katika mikutano midogo ya namna hiyo.

Hukumu yangu juu ya jozi hii ni kwamba hazishindani. Mwajiriwa wa umma anahitaji zote mbili na asiitumie moja kama kisingizio cha kuikosa nyingine. Mwenye famasi yake mwenyewe hana mwajiri wa kujadiliana naye, kwa hiyo atosheke na PST na fedha iliyobaki aiweke kwenye bima ya duka.

Mwanafunzi: TAPSA kwanza, IPSF kwa kupitia hapo

Risiti ndogo kuliko zote, iliyofifia wino hadi nikalazimika kuisoma kwa kuielekeza kwenye taa, ilikuwa ya TAPSA, chama cha wanafunzi wa famasi nchini. Kwa kiasi nilicholipa wakati ule usingenunua hata sahani ya wali samaki leo, na sijui chombo kingine kilichowahi kunirudishia faida kubwa kiasi kile kwa fedha kidogo namna ile.

Mwanafunzi huuliza kama ni bora ajiunge na TAPSA au na IPSF, ambalo ni shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa famasi. Swali lenyewe limekaa upande. IPSF lilianzishwa London mwaka 1949 na limejengwa juu ya vyama vya wanafunzi vya kitaifa. Mwanafunzi wa kawaida huingia ndani yake kwa kupitia chama chake cha nchi, na TAPSA ndiyo njia yetu. Kwa hiyo usilipe mara mbili kwa kitu kinachopatikana kwa mlango mmoja. Linganisha badala yake unachopata katika kila ngazi, kisha uamue nguvu zako uzielekeze wapi.

Ngazi ya TAPSA hukupa kazi ya mikono. Likizo ndefu ya vyuo vikuu hapa nchini huangukia miezi ambayo ndani yake imo tarehe 25 Septemba, Siku ya Wafamasia Duniani, kwa hiyo wanafunzi wenyeji wa Tanga wanaosoma Muhimbili, Mwanza au Dodoma mara nyingi huwa nyumbani. Mwaka mmoja sita kati yao walinijia na wazo la kupima shinikizo la damu bure karibu na soko la Ngamiani. Tuliweka meza mbili, mashine tatu na mwavuli mkubwa tuliouazima kwa muuza maji ya madafu. Kabla ya saa nne alikuja bibi mmoja mwenye kanga za kahawia, akafungua mfuko wa plastiki na kumwaga boksi za dawa zake zote juu ya meza, kwa kuwa aliambiwa wanafunzi wa dawa hawagombi. Msichana wa mwaka wa tatu alizipanga kwa majina ya asili, akanyamaza, akazipanga tena. Boksi tatu zenye majina tofauti ya kibiashara, kutoka maduka matatu tofauti, zote zilikuwa amlodipini, dawa ya kushusha shinikizo la damu, na bibi alikuwa akimeza zote tatu kila asubuhi na kushangaa kwa nini miguu inavimba na kichwa kinakuwa chepesi akisimama. Tulimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Yule msichana alikuwa ameshafundishwa darasani juu ya dawa zinazojirudia, lakini alijifunza jambo hilo pale, chini ya mwavuli.

Ngazi ya IPSF hukupa upeo. Programu yake ya kubadilishana wanafunzi humwezesha mwanafunzi kufanya mafunzo kwa vitendo katika nchi nyingine, katika hospitali, famasi, kiwanda au maabara, na mashindano yake ya kumshauri mgonjwa humweka mshiriki mbele ya mgonjwa wa kuigiza na waamuzi wanaomtazama jinsi anavyouliza, anavyosikiliza na anavyoeleza. Mikutano yake ya dunia imewahi kuja karibu nasi: Harare mwaka 2016 na Kigali mwaka 2019. Tatizo ni nauli, viza na fedha ya kujikimu, ambavyo kwa kawaida huwa juu ya mwanafunzi mwenyewe au ya mfadhili atakayempata. Mtoto wa mvuvi wa Kigombe atafanyaje? Ninachokiona kinawezekana ni kuanza na kazi zinazofanyika hapa hapa chini ya kampeni za shirikisho hilo, kuandika ripoti zake vizuri, na kujijengea jina ndani ya chama cha nchi, kwa kuwa nafasi na ufadhili hupatikana kwa urahisi zaidi na yule ambaye kazi yake inaonekana kwenye karatasi.

Jambo la kuonya ni muda. Nimeona wanafunzi waliogeuza uongozi wa chama kuwa masomo yao na masomo kuwa kazi ya ziada. Wakafika mwaka wa mwisho wakiwa na vyeti vya ushiriki vya kutosha kupamba ukuta na masomo mawili ya kurudia. Nafasi moja ya uongozi, mwaka mmoja, inatosha.

FIP na chama cha Jumuiya ya Madola

Safu hii ilikuwa na risiti chache, na sitakaa hapa kwa muda mrefu kwa sababu kwa mtarajali bado ni mapema. FIP ni shirikisho la kimataifa la wafamasia na wanasayansi wa dawa. Lilianzishwa mwaka 1912 mjini The Hague na limekuwa na uhusiano rasmi na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1948. Ile tarehe 25 Septemba tunayoisherehekea ni siku ya kuzaliwa kwake, na uamuzi wa kuifanya siku ya wafamasia ulifikiwa Istanbul mwaka 2009. FIP hupokea vyama vya kitaifa, na pia humpokea mtu mmoja mmoja kwa ada yake binafsi. Hivi ni vitu viwili tofauti, na uanachama wa chama cha nchi haukupi moja kwa moja haki zote za mwanachama binafsi.

Kinachokupa uanachama binafsi ni sehemu maalumu za kitaaluma: wafamasia wa hospitali wana yao, wa famasi za mitaani wana yao, wa maabara vilevile, na vijana walio mwanzoni mwa kazi wamewekewa kundi lao. Kabla ya kulipa, kumbuka kwamba nyaraka zake nyingi zilizo bora husomwa bure na yeyote. Miongozo ya utendaji bora wa famasi, iliyotolewa pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na yale Maazimio ya Basel ya mwaka 2008 juu ya famasi za hospitali, ni mambo ambayo binti yangu anaweza kuyasoma usiku wa leo kwenye simu yake na kesho akayalinganisha na stoo ya Bombo. Mkutano wa FIP wa mwaka 2024 ulifanyika Cape Town, na hata huko Afrika nauli yake ilikuwa nzito. Ada ya binafsi ninaiona inamfaa mtu aliyekwisha kuchagua ubobezi, anayetaka kuandika utafiti au kukutana na wenye kazi kama yake.

Chama cha wafamasia cha Jumuiya ya Madola, CPA, ni kidogo kuliko FIP, makao yake ni London, na kwa maoni yangu wengi hukidharau bila sababu. Tanzania ni mwanajumuiya, na mwaka 2019 chama hicho, kwa kushirikiana na taasisi nyingine ya Uingereza, kilianza mpango wa kuunganisha hospitali za Uingereza na hospitali za nchi nne, yaani Ghana, Tanzania, Uganda na Zambia, ili kusimamia vizuri matumizi ya antibiotiki. Tatizo hilo si la kigeni kwetu hapa. Jioni ile ile tuliyokuwa tukipanga risiti, kijana mmoja aliingia akaomba amoksilini “za mia tano”, yaani vidonge vichache vya kutuliza koo, akaondoka amekasirika fundi wetu alipomwambia kwamba dozi haikatwi kama mkate na kwamba koo lake pengine halihitaji antibiotiki kabisa. Ukiniuliza kati ya FIP na CPA ni kipi kazi yake inafika karibu zaidi na kaunta ya Tanga, nitasema CPA katika jambo hili moja la usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na FIP katika mengine yote.

Fundi dawa sanifu akae wapi?

Fundi wetu alipomaliza kufunga dirisha la mbele alikuja na swali lake, na hilo ndilo lililoniacha na mashaka zaidi. “Dada, hizi risiti zote ni za wafamasia. Sisi je?” Ni kweli. Katika wilaya nyingi za mkoa huu, anayemkabidhi mgonjwa dawa ni fundi dawa sanifu au mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima. Ukienda Handeni ndani au Kilindi ndivyo utakavyokuta, lakini vyama vingi vya taaluma vimepewa jina la mfamasia na vimejengwa kwa kumfikiria yeye.

Nilimwambia asome katiba kabla ya kutoa shilingi. Neno la kutafuta ni “mwanachama kamili”. Chama kinaweza kumpokea fundi kwa jina la mwanachama mshiriki au mshirika, kumruhusu kuhudhuria na kumtoza ada, huku kikimnyima kura na haki ya kugombea. Uanachama wa aina hiyo si lazima uwe mbaya, kwa kuwa mafunzo anayoyapata ni yale yale, ila ajue anachonunua. Kenya mafundi wa ngazi ya kati wana chama chao, KPA, kilicho kando na PSK, na faida yake ni kwamba hoja zao haziwekwi mwisho wa ajenda ya watu wengine. Hasara yake ni mivutano ya mipaka ya kazi ambayo imeendelea baina ya makundi hayo mawili kwa miaka mingi. Mimi, nikiwa mfamasia, ningependa tukae nyumba moja yenye kura kwa wote. Nafahamu kwamba ni rahisi kwangu kusema hivyo, kwa sababu nyumba yenyewe imeitwa kwa jina langu.

Risiti isiyokuwapo

Binti yangu alihesabu safu akagundua kuwa kuna malipo niliyoyataja ambayo hayana karatasi. Ni kweli, na aibu ni yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp lililojiita umoja wa watoa huduma za dawa wa ukanda huu. Mweka hazina alituma namba ya simu, tukachanga shilingi 20,000 kila mmoja kwa ajili ya “usajili na vitambulisho”, na kwa wiki tatu grupu lilikuwa na shughuli kama soko la samaki la Deep Sea alfajiri. Kisha likanyamaza. Kitambulisho sikukiona, na namba ile ilibadilika.

Tangu hapo huuliza maswali matatu kabla ya kujiunga na chochote. Je, chama kimesajiliwa, na wapi? Vyama vya kijamii na vya kitaaluma Bara huandikishwa kwa Msajili wa Vyama chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na vya wafanyakazi vina msajili wao chini ya sheria ya ajira, kwa hiyo cheti lazima kiwepo na kionyeshwe. Je, fedha inaingia kwenye akaunti ya benki yenye jina la chama, au kwenye simu ya mtu? Na je, mara ya mwisho hesabu zilisomwa lini mbele ya wanachama? Mweka hazina mwema hafurahii swali la mwisho, lakini hulijibu.

Tulipomaliza ilikuwa karibu saa tatu usiku. Binti yangu aliamua kumalizia utarajali wake akiwa ndani ya PST, kuahirisha FIP hadi atakapojua kama anataka famasi ya hospitali au maabara, na kuingia chama cha wafanyakazi siku atakayopata barua ya ajira. TAPSA hakuiacha kabisa: aliahidi kushika meza ya pili Septemba ijayo, akaniuliza kama yule muuza madafu bado ana mwavuli. Fundi wetu aliandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja, akiuliza kama watu wa ngazi yake wanaruhusiwa kupiga kura. Aliisoma kwa sauti, nikamsahihishia tarehe tu, na kesho yake akaipeleka posta kabla ya kufungua duka.